Tupeane uzoefu: Kubobea katika usaidizi wa mtandaoni ili malipo yapande

Mwanzisha mada, Tabora Mjini

Ndugu zangu, nawasalimu. Wengi wetu tulianza usaidizi wa mtandaoni kwa kupokea kila kinachokuja: kujibu barua pepe, kupanga miadi, kujaza majedwali. Kazi hizo zinagombewa na watu wa Ufilipino, India na Kenya, na mteja anayeletewa wasifu kumi unaofanana hana sababu ya kuacha ule wa bei ya chini. Naomba waliobobea waeleze walichagua nini na bei ilipandaje.

Mimi nilisoma uhazili hapa hapa Tabora, katika chuo ambacho siku hizi ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, na taaluma yenyewe wengi huiona ya kizamani. Hata hivyo, bodi za mashirika madogo huko Ulaya zinahitaji mtu anayejua muhtasari wa kikao ni nini: nani ameamua, nani atatekeleza, lini, na yatokanayo ya kikao kilichopita yamefikia wapi. Programu za kunukuu sauti hutoa maneno yote kwa dakika chache, lakini haziwezi kuaminiwa kutenganisha azimio na porojo. Kwa hiyo siuzi tena saa, bali kikao kizima, yaani ajenda kabla yake, muhtasari siku inayofuata na ufuatiliaji wa maazimio. Malipo ya kikao kimoja yanazidi yale niliyokuwa nikipata kwa siku nzima ya kupanga miadi.

Mchangiaji, Mwanga, Kigoma

Dada, nakuunga mkono. Mimi nina stashahada ya uhasibu na nimejikita katika utunzaji wa hesabu za maduka madogo ya Uingereza kwa kutumia programu za uhasibu za Xero na QuickBooks. Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba mteja wangu si mwenye duka bali ni ofisi ya mhasibu wa huko huko. Sheria ya Uingereza inamtaka anayefanya biashara ya kutunza hesabu awe chini ya usimamizi wa kudhibiti utakatishaji fedha, na mwenye ofisi tayari anao usimamizi huo. Mimi namfanyia usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha hesabu za duka na taarifa ya benki, napanga stakabadhi na kumwonyesha miamala isiyoeleweka, kisha yeye ndiye anayetia saini.

Malipo yanapanda kwa sababu ya tarehe. Ritani ya kodi ya ongezeko la thamani kule kwa kawaida huwasilishwa kila robo mwaka, na mwisho wake ni mwezi mmoja na siku saba baada ya kipindi kufungwa. Mhasibu mwenye wateja wengi hupumua anapopata mtu anayezikumbuka tarehe hizo bila kukumbushwa. Saa zetu nazo zinasaidia, kwa kuwa tunawatangulia kwa saa mbili majira yao ya joto na tatu majira ya baridi, hivyo anapofungua ofisi hukuta kazi imekamilika, ilimradi umeme haukukatika usiku.

Mchangiaji, Nzega

Naomba niwe tofauti kidogo. Nilibobea katika kuandika maelezo ya vipindi vya sauti na nikapata bei nzuri, kisha programu zikaanza kuifanya kazi hiyo karibu bure na wateja wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Ukichagua, chagua kazi yenye uamuzi na dhamana ndani yake, kama hizo mbili za hapo juu, wala usiwaache wateja wa kazi za jumla kabla wapya hawajazoeleka. Halafu, mwanzisha mada, wateja wako wa zamani uliwaambiaje kuhusu bei mpya?

Mwanzisha mada

Kaka, niliwaandikia mwezi mmoja kabla, bila kuomba radhi na bila kueleza gharama za maisha yangu, kwa sababu hizo hazimhusu mteja. Niliorodhesha nitakachokabidhi baada ya kila kikao na bei yake, nikaongeza kwamba anayetaka miadi na barua pepe pekee ninaweza kumuunganisha na binti aliyemaliza uhazili baada yangu. Wawili walikubali bei mpya, mmoja akaenda kwa huyo binti, na hadi leo wanafanya kazi pamoja.