Mke nesi mwenye digrii, mume fundi umeme: Ujerumani, Uingereza, Kanada au Dubai?

Kijana wa Mabibo
Wakuu habari za humu. Mimi na mwenzangu tunataka kutoka nje kikazi, na tunataka tuondoke wote wawili, siyo mmoja atangulie mwingine abaki anahesabu miezi. Yeye ana digrii, mimi sina, ni fundi umeme. Nchi zilizobaki mezani ni hizo nne. Kuna ofa imeshakuja na inataka jibu kabla mwezi haujaisha. Twende wapi? Tiririkeni.

Mzee wa Makaratasi
Swali lako halijibiki hivyo, kijana. Digrii ya nini? Ni raia wa nchi gani? Ofa imetoka wapi, na kwenye mkataba imeandikwa kazi gani? Ufundi wako una cheti au wa kufundishwa mtaani? Mna cheti cha ndoa? Watoto? Bila hayo kila mtu atakupeleka alipo shemeji yake.

Dirham Tupu
Dubai mkuu, usizunguke. Mshahara haukatwi kodi, viza inatoka haraka, mafundi umeme wanahitajika kila siku. Kijerumani mtakisoma mpaka muote mvi.

Kijana wa Mabibo
Samahanini. Ni digrii ya uuguzi, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na yuko wodini sasa hivi. Mimi nina VETA level 3, umeme wa majumbani. Watanzania wote, hatuna mtoto. Ofa ni ya Uingereza, mambo ya "care", kuhudumia wazee na wagonjwa. Ajenti anasema mimi nitaingia kama mtegemezi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Hapo kwenye "care" simama kabisa. Tangu 11 Machi 2024 mfanyakazi wa care haruhusiwi kuja na mke au mume. Na tangu 22 Julai 2025 waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi tena kumleta mtu mpya kutoka nje kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayekuahidi care pamoja na utegemezi anakuuzia kitu ambacho hakipo dukani.

Mkeo ni nesi, apite njia ya manesi, ambayo bado inaruhusu mwenzi. Kwanza mtihani wa Kiingereza, IELTS Academic: 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, kuandika 6.5. Au OET, Kiingereza cha watu wa afya, wengi huiona nyepesi kwa sababu maswali ni ya wodini. Kisha anafungua maombi NMC, baraza la manesi la Uingereza, anafanya mtihani wa kompyuta, CBT, pauni 83. Baraza la Tanzania linathibitisha leseni yake moja kwa moja kwa NMC. Mwajiri akipatikana anatoa cheti cha udhamini, CoS. OSCE, mtihani wa vitendo, anaufanyia kulekule kwa pauni 794, na hospitali nyingi humlipia. Kwa viza ya Health and Care wote wawili mnasamehewa ile ada ya afya ambayo wengine hulipa pauni 1,035 kwa mwaka kwa kila kichwa. Wewe mtegemezi unafanya kazi yoyote isipokuwa michezo ya kulipwa.

Kikwazo ni kwamba Tanzania iko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza. Mwajiri au ajenti hatakiwi kuja kuwinda manesi huku. Nesi akiomba mwenyewe tangazo lililo wazi, hakuna kosa. Sasa huyo ajenti wako aliwapata vipi?

Kijana wa Mabibo
Alitutafuta yeye, WhatsApp.

Mzee wa Makaratasi
Nilijua tu. Ngoja nikupe kisa cha 2023, cha watu wengine, lakini makaratasi yao nimeyaona.

Mke nesi kama wako. Ajenti akamwambia asihangaike na IELTS ya 7, aingie na care kwanza, unesi atauombea akiwa ndani. Wakauza kiwanja, wakalipa. Wakati ule mwenzi alikuwa bado anaruhusiwa, kwa hiyo wakatua wote. Mkataba uliandikwa saa 39 kwa wiki. Kampuni ilikuwa haina wateja wa kutosha, wiki nyingine alipewa saa 12, nyingine hakupewa kabisa. Aliyewabeba ni mume, alipata ghala la usiku na kazi yake ilikuwa halali kabisa. Halafu Home Office, wizara ya mambo ya ndani kule, wakaifuta leseni ya udhamini ya ile kampuni. Ikaja barua: siku 60 upate mdhamini mwingine au uondoke. Hapo ndipo walipoelewa kwamba viza ya mume inaning'inia kwenye ya mke. Yeye hana kosa, mwajiri wake anamtaka, lakini siku zake zinaisha pamoja na za mke. Kampuni walizozipigia nyingine hazikujibu, nyingine zikataka pesa upya. Na NMC hakuwa hata amefungua akaunti, kwa hiyo nafasi ya unesi hakuweza kuiomba.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu huyo wa WhatsApp fungua gov.uk, kuna orodha ya wadhamini wenye leseni, itafute kampuni kwa jina lake kamili. Kisha angalia msimbo wa kazi kwenye CoS. 6135 na 6136 ni care. Misimbo ya manesi inaanza na 223. Na ada ya "kukutafutia kazi" ni marufuku kwa sheria ya hukohuko Uingereza tangu 1973.

Buguruni–Bremen
Mnamchelewesha. Ujerumani ndiyo nchi ambayo cheti chake cha VETA kinasomwa kama cheti, siyo kama kukosa digrii. Kwingine kote yeye ni mzigo wa mke.

Mke anatuma kwenye mamlaka ya jimbo cheti, matokeo, orodha ya saa za nadharia na za vitendo kwa kila somo, na barua ya Baraza kwamba leseni yake ni safi. Vyuo vyetu huchelewesha sana hiyo orodha ya saa, ombeni leo. Majibu kwa kawaida ni barua ya mapungufu, Defizitbescheid. Msiogope jina, ndiyo karatasi inayompa viza ya 16d, ya kwenda kukamilisha utambuzi wa cheti chake. Anafika, anafanya kozi ya kufidia au mtihani, na mpaka apate leseni analipwa kama msaidizi wa nesi. Lugha ya leseni ni Kijerumani cha B2, ngazi ya juu ya kati.

Mume anaingia kwa kuungana na familia, na kibali hicho kinaruhusu kazi yoyote tangu siku ya kwanza. Anatakiwa A1 ya Kijerumani, ngazi ya mwanzo kabisa, taasisi ya Goethe pale Dar wanaitahini, alama 60 kati ya 100. Msamaha wa A1 upo kwa mwenzi wa mwenye Blue Card, kibali cha wasomi wenye mshahara mkubwa, mkeo akiwa kwenye 16d hayumo. Wanaangalia pia nyumba, kama mita za mraba 12 kwa kila mtu mzima, na kama mshahara wa mke unawatosha wote. Hapo kwenye mshahara wa msaidizi ndipo wengi wanakwama, na mume anajikuta amebaki Dar miezi kadhaa.

Dawa yake ni mwajiri afungue ule utaratibu wa haraka, 81a, euro 411 kwenye ofisi ya wageni, na jina la mume liingizwe humohumo tangu mwanzo. Familia inaruhusiwa ikiomba wakati mmoja na mfanyakazi. Waajiri wengi hawajui, mwambieni nyie.

Dirham Tupu
Kozi, mtihani, A1, B2, mita za mraba. Dubai mwenye mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 na nyumba ya mwajiri, anamdhamini mwenzi wake. Basi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Siyo "basi". Nesi hapewi leseni kule bila vyeti kuhakikiwa na kampuni ya DataFlow na mtihani wa leseni wa kompyuta, Prometric. Digrii na cheti cha ndoa vipigwe mihuri Mambo ya Nje na ubalozini. Mume akiwa chini ya udhamini wa mke, kila mwajiri anayemtaka aombe kwanza kibali cha kazi wizarani. Na someni mkataba: mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani? Kiinua mgongo, siku 21 kwa mwaka kwa miaka mitano ya kwanza, kinapigwa kwenye ule wa msingi peke yake. Ndiyo maana unakuta msingi 1,500, yaliyobaki yote "posho".

Dirham Tupu
Angalau hela inaonekana.

Theluji na Ugali
Kanada mmeiruka. Siku hizi tofautisheni njia mbili. Kwa kibali cha kazi cha muda, tangu 21 Januari 2025 mwenzi anapata kibali huria ikiwa mfanyakazi yuko TEER 0 au 1, yaani ngazi za juu za ujuzi wa kazi kule, au kazi chache za TEER 2 na 3, na kibali chake kimebakiza angalau miezi 16. Nesi ni msimbo 31301, TEER 1, yumo.

Kwa Express Entry, ule mfumo wa pointi, mnaingia wote kama wakazi wa kudumu, hakuna wa kuning'inia kwa mwenzake. Mwenzi analeta hadi pointi 40: elimu 10, lugha 20, uzoefu wa Kanada 10. Ile 20 ya lugha ndiyo watu wanaiacha mezani. Mume bila digrii akifanya IELTS vizuri anaongeza zaidi kuliko digrii ambayo angekuwa nayo. Mtihani ni IELTS General. Ile Academic ya NMC haipokelewi hapa, kwa hiyo amueni nchi kabla ya kulipia mtihani. Akiba ya kuanzia kwa watu wawili mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya dola 19,000 za Kanada, na wanataka kuona imekaa benki, siyo imepita.

Na kuna wajanja watawashauri mke aandike kwamba mume "haji naye" ili ahesabiwe kama asiye na mwenzi. Mume lazima atajwe na apimwe afya hata kama haji. Asipotajwa, mke hataweza kumdhamini baadaye.

Kipepeo wa Nakuru
Mimi ni Mkenya, naomba kuuliza. Sisi si tuko orodha ya njano Uingereza? Na ule mkataba wa Ujerumani wa 2024?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Ndiyo, Kenya ni njano, mnaajiriwa kupitia makubaliano ya serikali kwa serikali. Usichanganye na ya huyu kijana.

Buguruni–Bremen
Ule wa Septemba 2024 haukufuta masharti. Anerkennung, utambuzi wa cheti, na lugha ni vilevile.

Fundi Fyuzi
Turudi kwa fundi mwenyewe. Uingereza utegemezi unakuruhusu kufanya kazi, lakini saiti hawakupokei bila kadi ya ECS, kitambulisho cha mafundi umeme, na ili uipate kama fundi kamili wanataka cheti cha ufundi cha kwao, NVQ level 3, na kozi ya kanuni zao za umeme, 18th Edition, ile BS 7671. VETA peke yake utaanzia kubeba waya. Ujerumani unaanza kama Elektrohelfer, msaidizi wa fundi, ubao wa umeme huugusi bila Elektrofachkraft, fundi umeme kamili, kukusimamia, ila huku unafanya kazi vyeti vyako viko Handwerkskammer, chemba ya mafundi, vinalinganishwa. Ada ni kati ya euro 100 na 600. Kufungua duka lako ni hadithi nyingine, wanataka Meister, cheti cha fundi mkuu.

Mzee wa Makaratasi
Kijana umejibu yote isipokuwa moja. Cheti cha ndoa kipo?

Kijana wa Mabibo
Tunaishi pamoja mwaka wa tatu sasa. Posa imeshakwenda.

Dirham Tupu
Hahaha! Miaka miwili kwa sheria yetu ni ndoa, fungu la 160.

Bi Shufaa
Hilo fungu ni dhana ya ndoa, linawasaidia mkigombana mahakamani. Ubalozi haulitambui. Uingereza wanakubali wapenzi wa miaka miwili wakithibitisha, Kanada miezi 12 ya kuishi nyumba moja mfululizo: mkataba wa pango wenye majina mawili, barua, akaunti. Ujerumani na Dubai wanataka cheti. Kufunga ndoa kunahitaji tangazo la siku 21, hesabuni. Mkifunga msikitini au kanisani, fuatilieni mpaka iingie kwa msajili, na cheti mkihakiki RITA. Halafu bibi harusi asibadili jina la ukoo sasa hivi. Digrii, leseni na pasi zikiwa na majina mawili tofauti, kila ofisi itataka hati yake ya kiapo.

Kijana wa Mabibo
Asanteni sana. Ajenti nimemwambia asubiri. Yeye anaipenda Kanada, mimi naona Ujerumani. Mahari ndiyo bado nusu.

Theluji na Ugali
Hiyo nusu usiitoe kwenye akiba ya Express Entry.

Kipepeo wa Nakuru
Kwani huko kwenu mahari ni pesa ngapi?