Eti "mmezaa au mmetaga?" Madam wa grupu la wazazi Kidato cha Kwanza kavuka mpaka!

Kwayatatu: Wakuu, Madam wa lile grupu mnamjua, jina sitaji. Saa nne usiku karusha picha ya ubao, ukungu mtupu, utadhani kaupiga akiwa juu ya mnara wa simu. Maswali 20 ya Hisabati, yawe mezani kwake asubuhi. Mzazi kauliza kwa adabu kabisa: swali la tisa ni x² au 2x? Jibu: "Wazazi, mmezaa au mmetaga?"

Mmetaga! Kwenye grupu lenye wakwe na mashemeji ndani!

Homuweki ya mtoto wa miaka 13 inatolewa darasani kabla kengele haijalia. Tenga dakika tano za mwisho: anakili mwenyewe, aandike siku ya kukusanya, swali la kwanza lifanyike hapo hapo ili asiyeelewa aonekane kabla hajapanda daladala. Maswali sita yanatosha: mawili mepesi, matatu ya kati, moja la kumkuna kichwa. Na hawa juzi tu walikuwa darasa la saba, wengi wamesoma hesabu kwa Kiswahili. Leo swali zima Kiingereza; wanakwama kwenye sentensi, hesabu yenyewe wanaijua. Andika maana ya maneno mawili matatu pembeni.

Ukirusha kwenye simu ya mama usiku, homuweki imekuwa ya mama. Mtoto hanakili tena, hakumbuki tena, anasubiri simu ilie. Saini ya mzazi maana yake daftari limeonekana, basi. Kukokotoa ni kazi ya mtoto. Halafu anayeuliza anaambiwa katagaaa!

Chakinyeupe: Mleta mada punguza jazba. Watoto 80 mara maswali sita ni majibu 480, na hiyo ni mkondo mmoja. Njia ipo: wabadilishane madaftari, majibu yaandikwe ubaoni, mwalimu achukue madaftari kumi kwa zamu akague njia ya kukokotoa. Jibu sahihi lisilo na njia mara nyingi limenakiliwa kwa jirani. Ila hilo la kutaga simtetei.

Mama_Pacha: Tatizo walimu hawaulizani. Ijumaa Hisabati, Bailojia, Jiografia, zote zinamwangukia mtoto mmoja. Bandikeni ratiba ofisini, masomo mawili kwa siku. Profesa mstaafu Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani anasimamia kanuni ya homuweki dakika 10 kwa siku mara darasa analosoma mtoto, masomo yote kwa pamoja. Kidato cha Kwanza ni mwaka wa nane shuleni: dakika 80.

JogooLaMtaa: Kama mmetaga, atamieni siku 21 mtulie 😂😂 Mleta mada wewe ndiye uliyeshindwa swali la tisa!

Kwayatatu: Hakuna cha kucheka. Mwalimu kaandika MMETAGA, kwa herufi zake, na hajafuta.

Sijalipa: Mnalia na homuweki wakati twisheni ya Jumamosi wanaiita hiari! Mada mpya inafundishwa Jumamosi, homuweki ya Jumatatu inatoka humo humo. Asiyelipa atafanya nini zaidi ya kunakili?

Kituoni: Dakika 80 zipi? Mtoto analipa nauli ndogo ya mwanafunzi, konda anamziba mlangoni mpaka watu wazima wajae. Anafika nyumbani giza, kalowa jasho, bado hajafua shati. Anzeni na makonda.

Mama_Pacha: Hapo umenena. Wakiona sare tu wanapiga bodi, "twende, twende!"

Kwayatatu: Wakuu, uzi ni wa Madam.

JogooLaMtaa: Madam keshalala. Konda akikataa mwanafunzi mnaripoti wapi?

Kituoni: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Chukua namba ya gari, njia, kituo na saa. Bila namba ya gari hawana pa kuanzia, na wanafunzi wengi hawaiandiki.

Sijalipa: Wataiandika wapi na gari limeshaondoka?