Lucky Dube alikufikiaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Kila Oktoba 18, siku aliyouawa mwaka 2007, watu wanabandika picha ya Lucky Dube, mwanareggae wa Afrika Kusini, wanaandika RIP, basi. Leo nataka visa: alikufikiaje, na alikuachia nini? Naanza mimi.

Huku kwetu Urambo alikuja kwa kanda. Kaka alikuwa anampelekea jamaa wa kurekodi pale mjini kanda tupu na orodha kwenye karatasi: upande A albamu ya Slave, upande B Prisoner. Betri zikianza kufa, Lucky anaimba kama babu aliyetoka kilabuni. Tunazitoa, tunazianika juu ya bati, jioni sauti imerudi. Kiingereza hatukujua, ila tulijua huyu mtu ana kilio chake.

Mdau, Nakuru: Nilikuwa makanga, ruti ya Eldoret, miaka ya tisini. Dere wangu alikuwa mzee wa kanisa, rasta hata kidogo hakuwa, lakini hatoki steji bila Lucky. Abiria wakinuna nauli ikipanda, weka Prisoner, kelele inaisha. Mwalimu mmoja tuliyembeba kila siku ndiye alitupa historia: jamaa alianza na mbaqanga, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, anaimba Kizulu, na rekodi zinauza, hata nakala 30,000. 1984 akatoa Rastas Never Die, nyimbo nne tu za reggae. Ikauza kama 4,000, na serikali ya makaburu ikaipiga marufuku. Wewe si ungerudi mbaqanga? Yeye 1985 akaleta albamu ingine ya reggae, na hiyo ikauza vizuri.

Mdau, Mbeya: Wimbo wangu ni It's Not Easy, ule wa kijana aliyempigia mama yake simu kumwambia anaoa, halafu ndoa ikamshinda. Umo kwenye House of Exile ya 1991. Wazazi wangu waliachana nikiwa darasa la sita. Baba hakutuambia neno. Jumapili alikuwa anapiga pasi mashati yake mwenyewe, pasi ya mkaa, wimbo ukiisha anaurudisha nyuma. Nilipofika sekondari nikashika maneno, ndipo nikamwelewa mzee.

Mdau, Arusha: Naomba nitie neno hapo kwenye urasta. Nina dredi, sivuti, sinywi. Nikienda kuulizia chumba, mwenye nyumba ananiangalia kichwani, chumba "kimeshapata mtu". Lucky naye hakuwa mtu wa bangi wala pombe, na alisema wazi kwamba kama urasta ni dredi, bangi na kuamini Haile Selassie, yule mfalme wa Ethiopia, ni Mungu, basi yeye si rasta. Ila kama ni kujitambua, kisiasa na kijamii, basi ni rasta. Kuna ndugu wa imani wanamtoa kundini kwa kauli hiyo. Kwangu ni rasta kuliko wengi wenye bendera tatu kifuani.

Mdau, Johannesburg: Nilikuwa huku 2007, nasuka nywele. Alipigwa risasi Rosettenville usiku, ametoka kuwashusha wanawe, majambazi wanataka gari. Kesho yake saluni nzima ilizungumza hilo tu. Kilichotuuma sisi wageni kikaja kwenye kesi: ilielezwa kuwa walidhani ni Mnigeria. Watu watatu wakafungwa maisha 2009. Ina maana angekuwa Mnigeria kweli ingekuwa nafuu? Mpaka leo nabishana na wateja kuhusu hili.

Mleta mada: Mdau wa Joburg, umenipa hasira upya. Niongeze tu kwa wasiojua: Lucky, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na mama yake alipozaliwa mjini Ermelo, 1964, kwa sababu mimba za kabla zilikuwa zikiharibika. Mama akaenda kutafuta kazi, mtoto akalelewa na bibi yake, Sarah. Alipoanza vibarua alikuwa mtunza bustani.

Sasa, mwenye zile za mbaqanga za kabla ya 1984 ajitokeze. Nina redio kaseti nzima, betri nanunua mwenyewe.