Ndege wa Naivasha jua likichomoza: mbona wanatoka kijivu badala ya weusi?

ukingo_wa_mafunjo
Wadau, naomba msaada. Nataka picha za mnandi na korongo waliotua kwenye migunga iliyokauka ndani ya maji pale Naivasha, jua likichomoza nyuma yao, ndege wawe weusi tii. Lenzi ni mm 400, tundu lake f/8, kasi ya shata 1/500 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) otomatiki. Anga linatoka jeupe, ndege kijivu, na wakiwa wengi wanagandana kama furushi. Na lile jua kubwa nyuma ya ndege mmoja hupatikanaje?

lenzi_ndefu
ISO otomatiki ndiyo inayokuharibia. Kamera ikiona giza la miti inapandisha ISO ili ndege aonekane, anga linaungua. Weka vipimo vyote kwa mkono: elekeza lenzi angani kando ya jua, jua lenyewe lisiwemo, pima hapo, kisha rudi kwa ndege bila kugusa kitu. Jua likishachungulia, anzia f/8, 1/1000, ISO 400. Dakika 20 kabla yake, f/5.6, 1/250, ISO 1600. Hapo karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, linasogea upana wake mzima kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo pima tena na tena.

Zima pia kinachofufua vivuli kwenye menyu: Canon ni Auto Lighting Optimizer, Nikon ni Active D-Lighting, kwenye simu ni HDR. Mizani ya rangi iwe ya mawingu. Ya otomatiki hufuta rangi ya chungwa.

Vikishindikana hivyo vyote, angalia ukungu juu ya maji. Ukungu kati yako na ndege hung'aa na kumfanya kijivu. Dawa ni kusogea karibu.

nahodha_asubuhi
Kugandana hakuponywi na vipimo, kunaponywa na mahali ulipokaa. Umbo jeusi halina manyoya wala rangi, lina ukingo tu. Subiri ndege ageuke ubavu, mdomo na shingo vionekane, na pawe na mwanga kati yake na jirani yake. Mnandi anayeanika mabawa ni bora kuliko kumi waliojikunyata.

Wengi huinama chini kabisa kwa kila ndege, na hapa ndipo wanapokosea. Aliye tawini, inama ili nyuma yake pawe anga. Aliye majini, inua kamera kidogo, la sivyo mwili wake unazama kwenye giza la ng'ambo na kinabaki kichwa tu.

Mashua ikae magharibi ya miti. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kutegemea mwezi, ila vilima vya mashariki, upande wa Kinangop, hulichelewesha. Mashua inayumba: jua likishatoka, shata isishuke chini ya 1/1000, na 1/1600 kwa anayeruka.

lenzi_ndefu
Kuhusu jua kubwa, ni hesabu ya umbali. Kitu cha mita 1 hulingana na upana wa jua kikiwa mita 110 hivi kutoka kwako. Korongo kijivu ana karibu mita 1, basi rudi nyuma hadi hapo. Kwa mm 400 jua litachukua sehemu moja ya kumi ya upana wa picha kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya mm 35). Mm 600 ni bora. Toa kichujio cha lenzi, kinaleta madoa ya mwanga. Fokasi ikitangatanga, tumia nukta moja kwenye ukingo wa mguu, weusi unapokutana na mwanga. Na usichungulie jua kwa kitundu cha macho cha kamera ya kioo (DSLR), tumia skrini.

ukingo_wa_mafunjo
Asanteni sana. Nikikosa mashua, nisimame ufukoni?

nahodha_asubuhi
Alfajiri kiboko wanarudi majini kutoka malishoni. Usisimame kati yao na ziwa, na usiingie mafunjoni gizani. Nenda na mwenyeji anayejua njia zao.