Baba wa kwenye "Prisoners": tumpigie makofi au tumpeleke mahakamani?

Wakuu, heshima mbele.

Jumamosi tulikuwa sita sebuleni kwa kaka yangu, Nkuhungu, tukaangalia "Prisoners" ya Denis Villeneuve, ya mwaka 2013. Mpaka leo wawili wananuniana. Kama hujaiona ishia hapa, maana namwaga yote.

Kwa kifupi, watoto wawili wa kike wanapotea mchana kweupe huko Pennsylvania. Polisi wanamkamata Alex, kijana mwenye akili za mtoto wa miaka 10, kisha wanamwachia kwa kukosa ushahidi. Baba wa mtoto mmoja (Hugh Jackman) anamteka na kumtesa kwenye jengo bovu la marehemu baba yake.

Hapo ndipo sebule ilipogawanyika. Shemeji, mama wa watoto watatu: "Mimi ningempiga na mwiko wa ugali mpaka aseme." Kaka: "Na kama hana cha kusema?"

Muvi yenyewe ni kali, sibishi. Picha za Roger Deakins zina mvua na baridi mpaka sisi tuliozoea vumbi la Dodoma tukajikunyata. Mpelelezi, Jake Gyllenhaal, anapepesa macho kama mtu asiyelala siku tatu. Ila kilichonimaliza ni yule baba. Ni fundi wa mbao, na kwa ufundi uleule anaomlishia mwanawe anaziba bafu, anaacha kitundu, anafungulia maji ya moto. Halafu anasali Baba Yetu, na akifika "kama tunavyowasamehe na sisi" anakwama.

Udhaifu? Dakika 153 ni nyingi, na yule mshukiwa mwingine, jamaa wa kufuga nyoka, anatutisha tu, anajiua, basi.

Lakini kubwa ni mwisho. Alex mwenyewe aliibwa akiwa mdogo, kwa hiyo tumeshangilia mtoto wa watu akipigwa mara ya pili. Sawa, somo tumelipata. Sasa mpelelezi anampataje binti? Anakwenda kwa yule "shangazi" aliyemlea Alex, ambaye kumbe ndiye mwizi wa watoto, kumwambia tu kwamba Alex amepatikana. Alex asingetekwa, mpelelezi asingekwenda usiku ule! Muvi inatufokea kwamba kutesa ni dhambi, halafu chini ya meza inamlipa mtesaji.

Na sisi tunaipenda hesabu hiyo. Katiba yetu ibara ya 13(6) imekataza mtu kuteswa, na imekataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Lakini mtu akipiga kelele "mwizi!" sokoni, nani anaikumbuka ibara? Niliwahi kumwona kijana amepasuliwa mdomo kwa kudaiwa kuiba simu ambayo dakika kumi baadaye ililia ndani ya kapu la mwenye simu, chini ya mchicha.

Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI: Mkuu, umeruka kitu. Alex alimnong'oneza baba kwamba watoto hawakulia mpaka alipowaacha. Ulitaka baba asikie hayo akalale? Bila shaka huna mtoto.

MTOA MADA: Hapo umenibana, nakiri. Na mtoto ninaye, wa miaka minne. Muvi ilipoisha nilikwenda kwanza chumbani kuhakikisha yupo. Ila nionyeshe sehemu moja tu ambapo Alex, chini ya kile kipigo, alitaja nyumba walikofichwa. Mtoto wa pili alitoroka mwenyewe, na ni yeye aliyemfumbua macho baba.