Rivolva ya .44 kwa kulungu: kichwa cha kusubu au kilichovikwa shaba?

Mgeni wa Mialoni (Ohio) aliuliza:

Salaam, ndugu na wakubwa zangu. Mimi ni mzaliwa wa Eldoret, na huu ni mwaka wa tisa naishi Ohio. Nimetoka nchi ambayo uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo hakuna mzee wa ukoo aliyenifundisha kufuata nyayo. Kidogo nilicho nacho nimekipata kwa jirani yangu wa hapa, mzee aliyepita miaka sabini, ambaye huniita mwanawe na kunikaripia kama mwanawe.

Msimu uliopita nilipata kulungu kwa shotgani. Mwaka huu nimenuia kutumia rivolva ya .44 Magnum yenye kasiba ya inchi saba na nusu, ambayo sheria ya Ohio inairuhusu kwa kuwa kasiba yake inavuka inchi tano na kipenyo cha risasi yake kinazidi inchi .357. Nitakaa juu ya mti, na sitamfyatulia mnyama aliye mbali zaidi ya yadi 50.

Kiswahili chetu kinatutega katika jambo hili, kwa sababu risasi ni madini na risasi ni kile kinachotoka mtutuni. Naomba niseme "madini ya risasi" ninapokusudia madini, na "kichwa" ninapokusudia kile kinachoruka, tusije tukabishana juu ya mambo mawili tofauti.

Jirani yangu alinipa kopo la kahawa lililojaa vichwa alivyosubu mwenyewe, vya greni 250 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), vyenye pua bapa, tukavipakia pamoja kwenye meza yake. Dukani nikanunua pakiti ya greni 240, vichwa vyake vimevikwa shaba na vina shimo kwenye ncha. Nilipojaribu kwa yadi 25, vile vya shaba vilitoboa karatasi ndani ya eneo la kisosi cha kikombe, ilhali vile vya kusubu vilitawanyika upana wa sahani ya ugali. Si hivyo tu. Baada ya risasi thelathini nilimulika tochi ndani ya kasiba nikakuta michirizi ya kijivu imegandamana kwenye mifereji, hasa pale kasiba inapopakana na silinda, ikimetameta kama njia ya konokono ukutani. Niliisugua kwa burashi ya shaba saa nzima.

Mzee anaapa kwamba hajapata kuona mchirizi hata mmoja ndani ya bunduki yake. Muuza duka anasema vichwa vya kusubu ni mambo ya kale. Je, kwa kulungu wa kilo sitini hadi themanini, nimfuate nani? Na michirizi hiyo ni ya kawaida?

Kalibu ya Chuma (Texas) alijibu:

Ndugu Mgeni, karibu sana. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, ila hakuna aliyeanza na swali lenyewe, yaani kichwa hicho kitamfikia mnyama kikiwa na mwendo gani.

Raifo nyingi za kulungu hurusha kichwa kwa futi 2,700 kwa sekunde au zaidi. Rivolva yako, kwa greni 240, itatoa takriban futi 1,300 mdomoni, na ukifika yadi 100 zimebaki kama 1,100. Kwa mwendo wa raifo, nyama iliyo kando ya njia ya risasi nayo huchanika. Kwa mwendo wa rivolva, nyama ambayo kichwa hakikuigusa hutanuka kidogo kisha ikarudi mahali pake. Kinachomwangusha mnyama kwa rivolva ni tundu lenyewe: upana wake, kina chake, na mahali lilipopita. Tundu pana unaweza kulipata kwa njia mbili tu. Ama kichwa kianze kidogo kisha kichanue ndani ya mwili, na hiyo ndiyo kazi ya vazi la shaba lenye shimo kwenye ncha. Ama kiingie kikiwa tayari kina pua pana na bapa, kikate njia hadi upande wa pili bila kubadilika umbo. Hii ya pili ndiyo njia ya Elmer Keith wa Idaho, ambaye kichwa alichokibuni, chenye pua bapa na bega kali, bado kinasubiwa kwa kalibu namba 429421 ya kampuni ya Lyman, naye alikuwa miongoni mwa waliowasukuma watengenezaji hadi .44 Magnum ikaingia sokoni mwaka 1956.

Mimi nimetumia aina zote mbili, na zote mbili zimewahi kuniaibisha. Miaka kadhaa iliyopita nilimpiga nguruwe mwitu dume begani kwa kichwa cha shaba chenye shimo, umbali wa hatua ishirini hivi. Madume wale wana gegedu nene juu ya bega, na kichwa kilichanua humo humo, kikasimama kabla ya kufika mapafuni. Nilikikuta wakati wa kuchuna, kimefunguka kama uyoga, kizuri kwa kupigia picha lakini hakikufanya kazi niliyokituma, na mnyama yule alihitaji risasi ya pili. Tangu hapo, kwa nguruwe, natumia cha kusubu cha greni 280, nacho hupita mabega yote mawili.

Kulungu ni habari nyingine. Mbavu zake ni nyembamba na mwili wake ni laini, na nikiwa na kichwa kigumu chenye pua nyembamba (kosa langu lilikuwa hilo, nilichagua kalibu kwa sababu ilikuwa rahisi) nilimpiga mmoja nyuma ya bega, akakimbia mbali mno. Damu niliyoiona kwenye majani ilikuwa ya matone madogo kama punje za mtama, tena kwa kupishana, na nilimpata kwa kutambaa na tochi. Kwa kulungu wa yadi 50, kichwa cha shaba kinachochanua kingemlaza karibu zaidi. Cha kusubu chenye pua pana kingefanya hivyo hivyo, ila pua iwe pana kwelikweli, si ya mviringo.

Halafu usiamini kwamba kigumu zaidi ndicho bora. Madini ya risasi yakiwa safi yana ugumu wa kama 5 kwa kipimo cha Brinell. Mchanganyiko wa Lyman namba 2, yaani asilimia 90 ya risasi, 5 ya bati na 5 ya antimoni, hufika karibu 15. Linotipu ya wachapaji wa zamani hufika kama 22, na ikigonga mfupa huweza kupasuka kama kigae. Kwa kulungu, 12 inatosha kabisa.

Sasa michirizi. Si ya kawaida, na mara nyingi haisababishwi na ulaini wa kichwa kama wengi wanavyodhani, bali na kipimo. Kichwa kikiwa chembamba kuliko koo la chemba, yaani mdomo wa mbele wa kila tundu la silinda, gesi ya baruti hupenya pembeni yake, huyeyusha ngozi yake na kuipaka kwenye kasiba, na kichwa chenyewe hutoka kikiwa kimelegea na kuyumba, ndiyo maana shabaha yako ilitawanyika. Vazi la shaba huvumilia kosa hilo. Madini matupu hayalivumilii. Hakikisha bunduki haina risasi, toa silinda, kisha usukume kichwa kimoja cha mzee kwa kidole kupitia kila koo kutokea mbele. Kikidondoka chenyewe bila kusukumwa, umeshapata jibu. Kisha ukipime kwa maikromita.

Jua la Magharibi (California) alijibu:

Huku kwetu mjadala huu ulishafungwa. Tangu tarehe 1 Julai 2019, mtu haruhusiwi kuwinda mnyama yeyote California kwa vichwa vyenye madini ya risasi, vya kusubu wala vya kuvikwa, kwa sababu ya tai wakubwa waitwao kondori, ambao mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu duniani na walikuwa wakila mabaki ya mizoga yenye sumu hiyo. Tunatumia vichwa vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi na hula nafasi ya baruti ndani ya ganda, lakini huchanua vizuri na hakiachi makombo. Ukipanga kuwinda nje ya Ohio, soma kwanza kitabu cha kanuni za jimbo husika. Yapo pia majimbo yanayodai kichwa kinachochanua, na huko cha kusubu kigumu kitakuletea matata.

Muuguzi wa Maziwa (Minnesota) alijibu:

Kaka, naomba niongeze la mezani, kwa kuwa nyama hiyo italiwa na watoto.

Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota ilizitaka ghala za chakula cha msaada zisigawe nyama ya kusaga ya kulungu baada ya vipande vya risasi kuonekana ndani yake. Mwaka huohuo watu 738 wa jimbo hilo walipimwa damu, na waliokula nyama ya porini walikutwa na risasi zaidi kuliko wasioila, ingawa hakuna aliyefikia kiwango kilichohesabiwa cha hatari wakati ule. Ushauri uliotolewa ulikuwa kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita wasile kabisa nyama iliyopigwa kwa madini hayo.

Watu hudhani vazi la shaba linawalinda. Ndani ya vazi mna risasi ileile, na kichwa kinapochanua kiini chake ndicho kinachomeguka. Hapa Minnesota walijaribu kwa mizoga ya kondoo, wakaona vipande vya raifo vinafika mbali na jeraha kuliko macho yanavyoona, ilhali vya shotgani, vyenye mwendo mdogo, vilimeguka kidogo. Rivolva yako iko karibu na shotgani kuliko raifo, na kichwa cha kusubu kisichovunjika pengine kitaacha makombo machache kuliko cha shaba chenye kiini laini. Hata hivyo, kata nyama ya jeraha kwa upana na uitupe, usimpe hata mbwa.

Na ukianza kusubu mwenyewe, sufuria ya kazi hiyo isirudi jikoni kamwe. Fanyia mahali penye hewa, usile wala kuvuta sigara, nawa mikono, na nguo zako zifuliwe peke yake. Vumbi la takataka zinazoelea juu ya sufuria ndilo linaloingia mwilini kwa wengi. Tone moja la maji likizama kwenye risasi iliyoyeyuka, ambayo ina joto la zaidi ya nyuzi 327, hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini hadi usoni.

Mgeni wa Mialoni aliandika tena:

Nawashukuru sana, na dada Muuguzi nimekusikia. Tutakata kwa upana.

Nimefanya kama Kalibu alivyoelekeza. Makoo yote sita ya silinda yangu yana .431, na vichwa vya kopo la kahawa vina .429. Vilidondoka vyenyewe mezani kama mbaazi, kimoja baada ya kingine.

Nikampelekea mzee maikromita, kwa adabu, nisionekane namkosoa. Hakuudhika hata kidogo. Alienda kabatini akatoa rivolva yake, tukapima pamoja, na makoo yake ni .429 kamili. Kumbe miaka yote alikuwa anasubu kwa kipimo cha bunduki yake. Ameagiza chombo cha kubana vichwa vifikie kipimo cha .431, lakini hakitafika kabla msimu haujafunguliwa baada ya Sikukuu ya Kushukuru, kwa hiyo mwaka huu nitapanda mtini na vile vya shaba, na nimemuahidi kuja kuyeyusha kopo lote hilo upya pamoja naye wakati wa masika, nje, si gereji.