Niger na Korea Kusini: makadirio ya elimu ya wanawake hadi 2100

Swali: Wakuu, nalinganisha nchi hizi mbili kwa data za Wittgenstein Centre (kituo cha utafiti wa idadi ya watu na elimu huko Vienna), wanawake wa miaka 15 na zaidi. Mstari wa Korea Kusini unapanda polepole mno, ilhali vijana wao karibu wote wanamaliza sekondari. Nakosea wapi?

Jibu 1: Hesabu ni sawa, tatizo ni rika. Kundi la 15+ linachanganya bibi waliokosa shule zamani na wasichana wa 15–19 ambao bado wako darasani. Chukua 25–29, kisha wafuate kadiri wanavyozeeka: wa 25–29 mwaka 2020 watakuwa 55–59 mwaka 2050, na elimu yao ni kama imeshaandikwa. Lakini wa 25–29 mwaka 2100 watazaliwa kuanzia 2070. Hapo unasoma dhana tupu, usiipe uzito uleule.

Jibu 2: Na senario iwe moja kwa nchi zote, SSP2 (ile ya kati, isiyo na mabadiliko makubwa) kwa SSP2, toleo lilelile la data.

Jibu 3: Usitegemee wastani wa miaka ya masomo peke yake, nakuomba sana. Nusu ya wanawake wakiwa na miaka 0 na nusu 12, wastani ni 6. Wote wakimaliza msingi wa miaka 6, wastani ni 6 vilevile. Chora asilimia kwa kila ngazi. Halafu pima pengo kwa miaka: Niger itafikia lini asilimia ambayo Korea Kusini ilikuwa nayo 1970? Tofauti ya asilimia hupungua yenyewe nchi ya mbele ikikaribia 100.